Dawa Nyeusi ya Mlimani na Vidonge Vilivyovuka Mpaka

Alhamisi, tarehe tisa Julai. Upepo ulivuma tangu alfajiri, vumbi la barabara ya malori likaingia mpaka kwenye ndoo ya maji. Jua lilitoka saa nne, lakini lilikuwa la kuangalia tu, la kuota halikuwa.

Leo nilikwenda kliniki ya kifua kupimwa kwa mara ya kwanza tangu nimalize dozi. Wameniambia niko salama. Nilitegemea kufurahi sana, nikafurahi kidogo. Pale kwenye benchi nilikaa na dada mmoja kutoka Ndalambo, mwembamba, amejifunga vitenge viwili kwa baridi. Alipofungua mkoba atoe kadi yake nikaona kichupa. Nilikijua kabla hajakigusa. Kifupi, cha kioo, kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ndani kitu cheusi kama lami ya barabarani.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wanasema wewe ulishatumia hii. Nisimamishe vidonge kwanza niimalize?"

"Usisimamishe," nikamwambia.

"Kwa nini? Haifai?"

Nesi akaita jina lake, akaingia. Mimi nikaondoka, kwa sababu jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusemea mlangoni. Atarudi Alhamisi ijayo, nami nimemwachia nesi neno kwamba nitampelekea daftari. Kwa hiyo naandika. Nimeishia darasa la saba. Tangu nikiwa msichana kwetu Igamba nimekuwa na tabia ya kuandika mambo kwenye daftari, mvua imenyesha lini, kahawa ya baba imechumwa lini. Hili ni la kwanza ninaloandika ili mtu mwingine asome. Nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Niliugua mwaka jana. Nilikuwa nauza maharage sokoni hapa Tunduma, na kikohozi kilipoanza Februari nilisema ni vumbi la magunia. Aprili, mvua zinaishia, gauni langu la kanisani lilikuwa linaning'inia mwilini kama limetundikwa kwenye msumari. Nikapimwa, ikawa TB. Nikapewa vidonge vya miezi sita. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, na binti yetu Furaha, ana miaka minane, aliuona kwenye ndoo akalia akidhani mama yake anaisha kwa chini. Kila asubuhi nilimeza, na siku nyingi nilitapika.

Mume wangu, Wiston, anashona maturubai ya malori pale yanapopanga foleni ya mpaka. Si mtu mbaya, nasema mapema ili usimfikirie vibaya. Lakini alinitengea sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu ndani ya beseni la bluu. Nesi alimwambia ugonjwa huu unapita kwenye hewa, haupiti kwenye sahani. Akaitikia, na beseni likabaki. Nilikula peke yangu kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha.

Mei mama yake alikuja kutoka kijijini, upande wa Momba, kuniuguza. Nilimwita Mama, yeye aliniita mayo, kama wanavyomwita mama kwao. Jioni ya kwanza alilitazama lile beseni. Akafungua mzigo wake, akatoa sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu, akapakua ugali na mboga ndani yake, akaja kukaa sakafuni mbele ya kiti changu.

"Shuka huko juu, mayo," akaniambia. "Mimi nakula na wewe."

Akala na mimi kwenye sahani ile kila siku, mpaka alipoacha kula.

Ile dawa nyeusi yeye ndiye aliyeitafuta. Juni, baridi imeingia, na mimi bado natapika, alinishika mkono akanipeleka kwa Bwana Shabani. Huyu ni mfanyabiashara mwenyeji wa Kigoma, yuko Tunduma miaka mingi, anauza asali, manukato na mafuta ya habat soda. Alitutolea kichupa kama kile cha dada wa Ndalambo.

"Hii inatoka wapi, baba?" Mama akauliza.

"Mbali, mama yangu. Milima ya Asia huko. Jua likichoma mwamba, mwamba unatoa jasho. Jasho lenyewe ndilo hili."

"Jiwe linatoa jasho?"

"Linatoa."

Mama akakigeuza kichupa, akasema, "Basi jiwe hilo linafanya kazi kumzidi mwanangu Wiston."

Tulicheka wote watatu, mimi nikaishia kukohoa. Bwana Shabani akachota kidogo kwa ncha ya kijiti, akatia kwenye glasi ya maji ya moto. Ikashuka polepole, ikaacha nyuzi za kahawia kama moshi, mwisho maji yote yakawa rangi ya chai. Alisema ni nzuri kwa mifupa, kwa damu, kwa mtu aliyechoka mwili. Punje kama ya dengu ndani ya maziwa ya moto, siku arobaini. Halafu akaniangalia mimi.

"Unatumia dawa za hospitali?"

"Natumia."

"Usiziache."

Nililisikia neno hilo, na Mama alilisikia. Naliandika kwa sababu baadaye watu walitaka kwenda kumfanyia fujo dukani kwake, na haikuwa haki.

Kosa lilikuwa la kwetu, nyumbani. Kwao Mama, dawa hupewa zamu. Ikiingia mpya, ile ya kwanza hutolewa nyumbani, huvushwa mto, ikapumzike ng'ambo isije ikaona wivu ikamgombania mgonjwa. Sijui kama ni desturi ya Wanamwanga wote au ya nyumba yao tu. Wifi yangu Agness, dada yake Wiston, anasema ni ya bibi yao, hajaisikia kwingine. Hapa tulipo hakuna mto wa karibu. Mama aliwaza siku mbili, akapata jibu.

"Vipelekwe kwa Agness," alisema.

Agness ameolewa Nakonde, upande wa Zambia. Kutoka kwetu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

"Mama, mpaka si mto," Wiston akamwambia.

"Bendera ni nyingine, hela ni nyingine. Dawa itajua imevuka."

Wiston akanigeuzia macho aone nitasema nini. Dada yangu wa Ndalambo, hapa nisome vizuri. Mama hakunilazimisha. Nilikuwa na akili zangu, nilikuwa na kadi yenye maandishi ya nesi kwamba nisiruke hata siku moja. Nilisema, "Sawa, vivuke." Nilisema hivyo kwa sababu vilikuwa vinanitapisha na nilikuwa nimechoka navyo. Nilitaka mtu mzima mwingine aniruhusu. Wiston akavitia mfukoni, akavuka navyo jioni ile.

Sasa nieleze ilifanya nini, maana hilo ndilo uliloniuliza. Inanuka moshi na kidogo kama zizi la ng'ombe. Kwa baridi ile iliganda kama mkaa, Mama akawa anapasha ncha ya kisu ndipo imegeke. Mdomoni ni chungu, ina chumvi kwa mbali, na inabaki kwenye meno. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili nikasikia njaa, njaa ya kweli, ya kuulizia chakula kabla hakijaiva. Wiki ya tatu nilifua nguo zangu mwenyewe nikazianika. Kikohozi kikapungua. Nilikwenda sokoni kusalimia wenzangu, na njiani nilipumzika mara moja tu. Mama alitembea nyuma yangu akiwaambia watu tusiowajua, "Mnamwona? Mwezi uliopita alikuwa anabebwa huyu." Sikuwahi kubebwa, lakini nilimwacha.

Siwezi kukuambia ilikuwa ile dawa. Inaweza kuwa yale maziwa, maana kabla ya hapo sikuwa nakunywa maziwa kila siku. Inaweza kuwa vidonge nilivyomeza mwanzoni, vilivyokuwa vimeshafanya kazi kiasi. Inaweza kuwa kula sahani moja na mtu. Nimewaza sana na sina jibu. Ninachojua ni kwamba nguvu nilipata, na zile nguvu zilinifanya nisijue kwamba naumwa. Wadudu walikuwa mle mle wanajijenga, na mimi naanika nguo.

Agosti, siku arobaini zimeshapita, nilikohoa asubuhi nikaona damu kwenye beseni. Lile lile la bluu.

Kliniki nesi alishika kadi yangu muda mrefu. "Vidonge vyako viko wapi?"

"Viko Zambia," nikasema.

"Vimekwenda kufanya nini?"

"Kupumzika."

Mzee mmoja kwenye benchi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na nesi naye alicheka, kisha akaacha. Akanipa kikopo cha makohozi. Majibu yaliporudi daktari aliniita ndani akafunga mlango, akasema wadudu wangu ni sugu, dawa za kawaida haziwawezi tena. Nilimuuliza kama ni kwa sababu niliacha. Akasema inawezekana, na inawezekana niliambukizwa wale sugu tangu mwanzo. Hatuwezi kujua, alisema. Nimeshamuuliza mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote amejibu hivyo hivyo. Yeye hajachoka kunijibu. Mimi ndiye sijaweza kulipokea.

Septemba nikaanza dawa mpya, vidonge vingi vya kujaza kiganja, miezi tisa. Nyayo ziliingia ganzi, nikawa navaa ndala moja bila kujua nyingine imebaki mlangoni. Ngozi ikabadilika. Kimoja kati ya vidonge vile hutia mwili weusi, uso ukaanza, kisha mikono, mpaka wateja wangu wa maharage wakanipita bila salamu wakidhani ni mtu mwingine. Furaha alinitazama siku moja akasema, "Mama, umefanana na bibi."

"Afadhali," Mama akasema. "Sasa watajua nimemzaa mimi."

Yeye na Wiston hawakuwa wanaongea. Tangu ile siku ya majibu Wiston aliacha kumsalimia mama yake, akawa anaaga mlango. Siku moja alimwambia mbele yangu, "Umemuulia mtoto wangu mama yake." Mama aliendelea kuchambua maharage. Mimi nilitakiwa kusema kwamba niliitikia kwa kinywa changu, vivuke. Sikusema siku hiyo. Nilisema baada ya wiki mbili, na zile wiki mbili ninazo mpaka leo.

Novemba mvua za kwanza ziliponyesha Mama alianza kukohoa. Alikuwa na kikohozi cha moshi wa jikoni miaka yote, kwa hiyo tulichelewa. Walipompima, alikuwa na ugonjwa, na ni ule sugu kama wangu. Furaha na Wiston walipimwa, hawakuwa nao, namshukuru Mungu. Niliuliza kama ni mimi niliyempa. Daktari akasema huenda, huenda pia aliupata kwingine. Lakini aliyekaa mbele yangu sakafuni, uso kwa uso, mara mbili kwa siku, ni yeye. Sahani haikuwa na kosa, hewa iliyo juu ya sahani ndiyo.

Tukawa tunakwenda kliniki wawili, kadi mbili. Yule mama anayefagia pale alitutunzia upande wa benchi unaopata jua. Nesi alitupashia maji ya kumezea, maana Mama alisema maji baridi yanamuuma jino, na jino lenyewe hakuwa nalo. Mambo madogo kama hayo nayakumbuka kuliko majina ya dawa.

Desemba, tukiwa kitandani wawili mvua inapiga bati, Mama akaniuliza, "Mayo, ile nyeusi ilibaki?"

Ilibaki. Ilikuwa karibu nusu kichupa, juu ya kichanja cha jikoni, nyuma ya ungo. Nilikuwa nimeshamuuliza daktari, akasema hawajui inavyokutana na vidonge hivi ndani ya mwili, tusiichanganye. Nami niliijua sheria ya Mama. Nyeusi ikiingia, vidonge vitavuka. Kwa hiyo nikasema, "Imeisha, Mama."

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema.

Januari aliuliza tena, wakati huo mdomo umekauka na mifupa ya mabega imesimama. "Hata ya kulamba kwenye kidole?"

"Hata hiyo."

Asubuhi yake alimeza vidonge vyake vyote mbele yangu, kimoja kimoja, na kila kimoja alifungua mdomo anionyeshe ulimi kama mtoto. Alikufa Februari, hospitali, wakati mahindi ya kwao Momba yameshatoa ndevu. Wiston alikuwa amemshika miguu. Walikuwa wameshapatana tangu alipoanza kuugua, hilo nalo ni moja ya mambo ninayomshukuru Mungu.

Mimi niliendelea na dozi mpaka Juni, nikapona. Tangu mazishi nilikuwa naishi na lile neno, imeisha. Mtu aliyeniuguza aliniomba kulamba kidole, nikamnyima na kumdanganya. Nilijiambia nilifanya sawa. Nikajiambia angekufa hata hivyo, kwa nini asilambe. Nilikuwa natoka kwenye wazo moja naingia kwenye jingine, nikipika, nikifua.

Leo niliporudi kutoka kliniki, baada ya kumwona yule dada na kichupa chake, nilipanda kwenye stuli nikakishusha cha kwetu. Kimejaa vumbi. Dawa imeganda kwa baridi, ukikipindua haisogei. Nilikuwa nimekishika hivyo Wiston alipoingia kutoka kazini, mikono ina grisi ya maturubai.

Nikamwambia yote pale pale, nimesimama. Kwamba Mama aliiomba mara mbili, nami nikasema imeisha, na ilikuwa hapa.

Alinawa mikono kwanza. Akasema, "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba iko kwenye kichanja. Alikiona Desemba anatafuta ungo. Aliniambia, mkeo ananificha dawa. Nikamuuliza, nikushushie? Akakataa."

Nikakaa.

"Alisema ile nyeusi ya kwake ilishapata zamu yake," Wiston akaendelea. "Alisema sasa zamu ni ya vile vidonge vyako, na wewe ndiye unayetibu, tusikuingilie. Akaniambia nisikuambie, utaona aibu."

"Sasa kwa nini aliniomba Januari?"

"Sijui. Labda alikuwa anasikia uchungu. Labda alikuwa anakupima. Sijui, Mama Furaha. Nisikuongopee."

Nililia, naye akaketi karibu bila kuniambia ninyamaze. Kisha nikamuuliza kama tukivushe kichupa kwa Agness, kama Mama angetaka.

"Kivuke kwa ajili ya nini?" akasema. "Humu ndani hakuna mgonjwa."

Basi, dada yangu wa Ndalambo, hilo ndilo jibu langu, refu kuliko ulivyouliza. Kama dawa ile inafaa, sijui. Mwambie daktari unayo, mwonyeshe kichupa chenyewe, na atakalokuambia ulishike hata kama hulipendi. Vidonge vyako visitoke nyumbani kwako, visivuke mto wala mpaka, wala visikae kabatini vikisubiri zamu. Na anayekuuguza afungue dirisha, mkae nje mnapoongea, hata kama ni mama yako na anakupenda.

Kichupa nimekirudisha juu, nyuma ya ungo. Sikuweza kukitupa, na sijui kama nimefanya vizuri.

Jioni Wiston alisonga ugali mwenyewe. Agness alikuwa ametuletea kapenta, dagaa wa huko, kutoka Nakonde, nikawakaanga na nyanya, na majani ya maboga yaliyobaki jana. Nilipogeuka kuchukua sahani nilikuta Wiston ameshatoa ile ya bati yenye maua mekundu, ameipangusa, ameiweka sakafuni katikati. Furaha akauliza kama ni ya bibi. Tukamwambia ndiyo, tukanawa, tukala wote watatu.